Kiwanja cha Baba

Mama alianguka bafuni usiku wa Jumapili, mwezi wa nne mwaka juzi, masika ikiwa imepamba moto. Alikuwa peke yake. Dada anayemsaidia kazi alikuwa ameenda kwao Singida kumzika babu yake. Mama aliita. Nyumba yetu iko Mikocheni B, na kati ya bafu lile na binadamu wa karibu kulikuwa na ukuta wa nyumba, ukuta wa fensi yetu, ukuta wa fensi ya jirani, na dirisha la jirani lililofungwa ili kiyoyozi kifanye kazi vizuri.

Aliyemsikia ni mlinzi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, kijana anayekuja kila jioni kwa daladala kutoka Mbagala. Aliruka ukuta wetu wenye vipande vya chupa juu, akachanika kiganja. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yana nondo. Akanipigia simu, kisha akasimama chini ya dirisha la bafu akazungumza na Mama mpaka nilipofika na funguo. Namba yangu alikuwa nayo kwa sababu mwaka mmoja kabla alinisaidia kusukuma gari lililozimika kwenye maji mbele ya geti, nikamtumia elfu tano. Bila ile elfu tano asingekuwa nayo.

Mimi nimepanga Kijitonyama, si mbali. Ndani ya dakika arobaini tangu simu ile, Mama alikuwa kitandani hospitali, mitaa michache tu kutoka nyumbani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema tumemuwahi.

Wiki tatu baadaye tulikaa kikao cha familia. Kuna mwekezaji ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimtuma dalali: avunje nyumba, ajenge ghorofa sita, atupe fleti mbili na fedha juu. Kaka yangu, ambaye ni mhasibu, akachukua karatasi, akapiga mstari katikati. Kushoto akaandika "Faida za kukaa Mikocheni", kulia "Hasara". Faida: hospitali karibu, barabara nzuri, hati ipo, hewa ya bahari, miti, kimya. Hasara: Mama yuko peke yake, karo linafurika kila masika, foleni, gharama za ulinzi, kimya. Neno "kimya" alikuwa ameliandika pande zote mbili bila kugundua.

Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutoka Manzese kwa ajili ya kikao. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hizo faida zilifikaje hapo?"

Kaka alidhani ni mafumbo ya wazee. Mimi nilisoma historia chuo kikuu, na niliona aibu kwamba sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua sanduku la chuma la Baba. Ndani mlikuwa na barua ya toleo ya kiwanja, ya mwaka 1976, karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Nilianzia hapo.

Kwanza jina. Mkoche ni mti wa jamii ya mnazi, ila shina lake hugawanyika na kuwa matawi. Majani yake husukwa mikeka na vikapu, na makoche, matunda yake, watoto huyatafuna. Palipo na mikoche mingi ni Mikocheni. Kabla ya kuwa kata ya Wilaya ya Kinondoni palikuwa ni hivyo tu: mikoche, minazi, mashamba, na njia ya kwenda Bagamoyo, ambayo sehemu yake leo inaitwa Barabara ya Mwai Kibaki. Wavuvi wa Msasani walikuwa upande wa baharini.

Jiji lenyewe lilikuwa mbali, na lilikuwa limegawanywa. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na Waingereza waliokuja baada yao wakaendeleza mji wa mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ufukwe wa kaskazini, wenye upepo, ulikuwa wa Wazungu. Oyster Bay ilijengwa kwa ajili yao. Mwafrika alipewa Kariakoo, Ilala, baadaye Magomeni na Temeke. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb iliwachorea wakoloni mpango wa jiji, na mwaka 1968, Tanzania ikiwa huru, kampuni ya Kanada iliitwa kuchora mwingine. Uhuru uliondoa sheria za rangi, lakini upepo uliendelea kuvuma upande uleule, na wenye vyeo wakahamia kule kule. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa na nyumba yake Msasani, jirani kabisa na Mikocheni.

Wakati huo watu walikuwa wanaingia Dar kwa wingi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wasiofika 300,000 mjini. Ile ya 1978 ilikuta zaidi ya 750,000. Baba na Shangazi walikuwa kati ya waliokuja katikati hapo, kutoka Kilosa, wakiwa na godoro moja na sufuria mbili. Walifikia Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro, kama walivyofikia maelfu ya wengine. Chumba chao kilikuwa cha miti na udongo.

Serikali ilijaribu kwanza njia ya kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kwa miaka kadhaa lilikuwa likivunja vibanda na kujenga nyumba bora mahali pake. Hesabu hazikukubali. Fedha nyingi zilitumika, na idadi ya nyumba mjini haikuongezeka sana kwa sababu kila nyumba mpya ilikuwa imekalia kaburi la nyumba ya zamani. Vibanda vilizidi kuota kuliko nguvu ya kuvibomoa.

Ndipo mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa viwanja na huduma. Wazo lake lilikuwa rahisi mno. Serikali haijengi nyumba. Serikali inapima viwanja, inachonga barabara, inachimba mifereji, inaleta maji, halafu inamwachia mwananchi ajenge mwenyewe kwa kasi yake. Dar es Salaam viwanja vipya vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Na pale ambapo watu walikuwa wameshajenga bila ramani, mradi uleule haukubomoa; uliboresha palepale, ukapenyeza barabara na mabomba katikati ya nyumba zilizokuwepo. Eneo kubwa la kuboreshwa lilikuwa Manzese. Awamu ya pili, kuanzia 1977, ilifika Tabata, Mbagala, Mtoni na Tandika.

Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Maana yake ni kwamba nyumba ya Mama na nyumba ya Shangazi ni watoto wa mradi mmoja, wa mwaka mmoja. Nimekua nikiambiwa mimi ni mtoto wa ushuani na binamu zangu ni wa uswahilini, kana kwamba ni kabila mbili. Kumbe ni mafaili mawili katika ofisi moja.

Kwa nini Baba aliondoka Manzese na dada yake akabaki? Jibu nililipata kwenye sanduku lilelile, limekunjwa pamoja na barua ya toleo: karatasi ya mshahara. Baba alikuwa karani wa shirika la umma. Mradi ulilenga watu wa kipato cha chini, lakini ili upewe kiwanja na kukimiliki ilibidi ujenge nyumba ya kudumu ndani ya muda. Barua ya Baba inasema miezi 36. Ili ujenge ndani ya muda ulihitaji mkopo, na mkopo ulitoka Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Benki ilitaka kuona mshahara. Shangazi alikuwa anauza mihogo ya kukaanga. Kwa mwezi mzuri alipata kuliko Baba, lakini muhogo hauna karatasi.

Nilipomuuliza kuhusu hilo, alicheka. "Mimi nilijaza fomu kabla ya baba yako. Mimi ndiye niliyemwambia zinatolewa."

Hakuwa peke yake. Katika miaka iliyofuata viwanja vingi vya mradi viliishia mikononi mwa watu wenye mishahara, vyeo na elimu, na Mikocheni kuliko kwingine. Kituo kimoja cha daladala mtaani kwetu kinaitwa Kwa Warioba, kwa sababu ndiko anakoishi Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa zamani. Konda anaita jina hilo mara mia kwa siku bila kuona ajabu yoyote. Eneo lililopimwa kwa mkopo wa kusaidia makabwela lina vituo vinavyoitwa majina ya viongozi.

Sisemi kwamba waliopata walikula raha. Baba alijenga kwa miaka tisa, mara tatu zaidi ya muda aliopewa. Saruji ya Wazo Hill ilipatikana kwa kibali, halafu ikaja vita ya Kagera mwaka 1978, kibali nacho kikawa hakina maana. Shangazi alikuwa anakuja kila Jumapili kutoka Manzese kubeba maji ya zege, kwa sababu bomba lilikuwepo lakini maji yalikuja yanapotaka. Tulipohamia, nyumba haikuwa na dari.

Katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa Baba ulikuwa unaisha tarehe kumi. Wasomi na watumishi wa serikali jijini walikuwa wanafuga ili waishi, na mtaa wetu ulinuka kuku. Jirani wa kulia alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mtu mwenye shahada ya uzamili. Sisi tulikuwa na kuku mia mbili kwenye banda ambalo leo ni stoo. Azimio la Arusha lilikuwa limemkataza kiongozi kupangisha nyumba au kuwa na mishahara miwili, lakini halikusema lolote kuhusu mayai. Kiwanja ndicho kilichotulisha. Mtu mwenye mshahara uleule aliyekuwa amepanga chumba hakuwa na pa kuweka hata jogoo.

Enzi zile mipaka ya nyumba ilikuwa michongoma. Nakumbuka matundu yake, kila mtoto alijua la kwake. Mama alipungukiwa chumvi alinituma kupitia tundu. Kuta zilianza kupanda miaka ya 1990, baada ya Mzee Ruksa kufungua milango ya biashara. Fedha ziliingia, redio na televisheni za binafsi zikafungua ofisi Mikocheni, viwanda vikaongezeka upande wa Barabara ya Coca-Cola, na pamoja na fedha wakaja wezi. Jirani mmoja alijenga ukuta. Wa pili akajenga, kwa sababu mwizi angeruka kwa asiye nao. Baba alikuwa wa mwisho mtaani, mwaka 1999. Michongoma iling'olewa kwa siku mbili.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya Kaka.

Nilipitia faida zake moja moja. Barabara nzuri: ilichorwa kabla nyumba ya kwanza haijajengwa, ndiyo maana gari la wagonjwa linafika mlangoni. Hati: ipo kwa sababu kiwanja kilipimwa kabla ya kukaliwa. Miti: ipo kwa sababu kila kiwanja kilibakishiwa nafasi. Hospitali kubwa zimejengwa Mikocheni kwa sababu kuna barabara, hati na wateja. Hakuna faida hata moja kwenye orodha ile ambayo sisi tuliitengeneza. Tuliikuta.

Na hili halionwi na macho yangu tu. Mwaka 2021 wachumi kadhaa, akiwemo Guy Michaels wa London School of Economics, walichapisha utafiti juu ya mradi huu katika miji saba ya Tanzania. Walitumia picha za satelaiti kuangalia mapaa, ukubwa wa nyumba na mpangilio wa mitaa. Miongo minne baadaye, mitaa iliyopimwa kwanza ilikuwa na nyumba bora kwa mbali kuliko maeneo ya jirani ambayo hayakupimwa. Mitaa iliyoboreshwa baada ya watu kujenga, kama Manzese, haikuonyesha tofauti ya namna hiyo. Waliona pia kwamba kwa miaka hiyo yote wenye elimu na uwezo walikuwa wakihamia kwenye viwanja vilivyopimwa, na kwamba hilo linaeleza sehemu ya tofauti. Nilipomsomea Shangazi kwa Kiswahili nilichoweza, alisema, "Hilo hata mpiga debe wa Manzese anajua. Barabara ikitangulia nyumba, nyumba inaifuata. Nyumba ikitangulia, barabara inapinda."

Nikageukia hasara. Karo kufurika na maji kusimama barabarani: hizi ni za nchi yenyewe, kwa sababu Mikocheni ni tambarare, iko karibu na bahari, na maji ya ardhini hayako mbali. Lakini nilipokuwa mdogo mfereji wa mtaa ulipitisha maji. Tangu hapo nyumba tatu zimejenga ukuta mpaka juu ya mfereji, na moja imemwaga zege kuufanya njia ya kuingilia geti. Gharama za ulinzi, na Mama kuwa peke yake: huo ni ukuta. Kimya: ukuta. Karibu kila hasara ya upande wa kulia tuliijenga wenyewe, na tuliilipia saruji.

Kuna jambo jingine ambalo Kaka hakuliandika, kwa sababu halina upande. Baba alifariki mwaka 2013. Habari ilipofika Manzese saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu lilikuwa limeshafika gari la mizigo limebeba turubai, mabenchi, masufuria na kina mama ishirini na wawili. Niliwahesabu wanashuka. Waliwasha moto kwenye uwanja uliokuwa wa kuku na hawakuuzima kwa siku nne. Majirani zetu wa Mikocheni walikuwa wema. Walituma rambirambi kwa simu, nyingi kuliko za Manzese, na zilitufaa kulipia kila kitu. Lakini aliyekaa na Mama mkekani usiku hakutoka kwenye nyumba yenye namba inayofuatana na yetu.

Isidhaniwe kwamba nawasifia umaskini wenzangu wa Manzese. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, wengi wao wakazi wa mabondeni, na walionusurika wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Mwaka huo binamu zangu walilala juu ya meza. Kwao gari la zimamoto haliwezi kuingia, na Shangazi alipougua miaka mitano iliyopita, vijana walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani. Vijana kumi walijitokeza. Gari halikuweza kufika. Kwetu gari linafika, ila wa kuliita hakuwepo.

Dar es Salaam ya sensa ya 2022 ilikuwa na watu 5,383,728. Wengi wao wamejenga kwanza, wanasubiri barabara baadaye. Serikali ilirudi kwenye kupima kwanza mwaka 2002, kwa mradi wa viwanja 20,000, pembezoni mwa jiji, na safari hii mwananchi alitakiwa kulipia gharama za upimaji. Muuza mihogo alikosa tena, kwa sababu nyingine.

Kikao cha pili tulikifanya mwezi wa saba, Mama akitembelea fremu. Nilisoma nilichoandika, takribani haya unayoyasoma. Kaka alisikiliza, akasema ni vizuri lakini hakijajibu swali: tunauza au hatuuzi? Alikuwa sahihi. Ghorofa sita zingemletea Mama majirani wa kugonga ukuta. Zingemletea pia lifti, walinzi wawili na milango ya chuma kila sakafu, na karo la familia thelathini mahali palipokuwa na la familia moja.

Mama akasema, "Hamjaniuliza mimi." Tukamuuliza. Alitaka mambo mawili. La kwanza, stoo iliyokuwa banda la kuku ipakwe rangi, itobolewe mlango upande wa barabarani, iwe duka la vocha, maji na mkate, akae humo binti yeyote wa Manzese anayetafuta pa kuanzia. La pili, benchi nje ya geti.

"Wifi," Shangazi akasema, "Mikocheni watu wanakaa nje ya geti?"

"Walinzi wanakaa," Mama akajibu. "Nitakaa nao."

Duka lilifunguliwa mwezi wa kumi. Mjukuu wa Shangazi ndiye anayeuza. Saa kumi na mbili jioni ukipita mtaani kwetu utamkuta Mama kwenye benchi, fremu imeegemezwa ukutani, pamoja na walinzi wanne na kijana wa bodaboda. Jirani wa kushoto, ambaye kwa miaka kumi na moja nilikuwa najua gari lake tu, huteremsha kioo na kumwamkia. Juzi alishuka kununua mkate.

Yule kijana wa Mbagala kiganja kimepona, kimebaki kovu. Mwezi uliopita aliniomba nimsaidie kusoma karatasi ya mauziano ya kiwanja, Chanika, ambacho ametanguliza malipo. Nilimuuliza kama kimepimwa. Alisema dalali amemwambia barabara itakuja. Tulikaa kwenye benchi, nikamsomea karatasi mstari kwa mstari, mara mbili, tukitafuta neno lolote lenye kuonyesha kwamba kuna mtu alipita pale kwanza na kuweka mawe ya mpaka. Hatukuliona. Fedha alizotanguliza ni akiba yake ya miaka minne, na kesho yake nilipanda naye daladala mbili mpaka Chanika kwenda kuzidai.